Mshumaa wa Bi Lurlene

Kwa miaka ishirini na miwili Bi Lurlene Hatchett ametulinda na mambo ambayo hayakutokea. Kazi yake ya mshahara iko kwa wakala wa bima, mkabala na mahakama. Ya kujitolea iko hapa, kwenye nyumba ya chama cha udada cha wasichana wa chuo, ambamo wanaishi sitini kwa pamoja nami ndiye mama wa nyumba. Hafla yoyote, iwe dansi au chai ya mama zao, lazima fomu imfikie siku kumi kabla. Ndiye aliyemkataa fahali wa mashine, yule anayetupa waliompanda. Ndiye aliyeamua kwamba dansini wataenda kwa basi la kukodi, vinywaji vitauzwa na mwenye leseni, na wasichana wawili hawatagusa glasi ili wawaangalie wenzao. Fomu yenye nafasi tupu huirudisha na kikaratasi cha njano: "Haijakamilika." Mwisho wa kila fomu pana swali: Je, kulitokea jambo? Hafla ikiisha salama, huweka alama penye Hapana na kuituma makao makuu ya chama, akaonekana kama mtu aliyeshinda kesi.

Nyumba ina desturi moja ya zamani. Msichana akichumbiwa hasemi. Mapazia hufungwa, wote wakasimama duara wakiimba, na mshumaa ukapita mkono kwa mkono bila mtu kujua ni wa nani. Ukimfikia mwenyewe, anaupuliza. Hapo hupigwa mayowe mpaka mbwa wa jirani wanajibu.

Bi Lurlene alikuwa msichana wa nyumba hii enzi zake. Katika miaka minne alipokea mishumaa kumi na minane, na yote aliipitisha kwa wa kushoto kwake. Alipokuja kuwa mlezi wetu, pazia la nyumba ya chama mji mwingine likaungua pembe kwa mshumaa, na kampuni ya bima ikatuma barua ya kutukumbusha tahadhari. Barua ilisema tahadhari. Yeye alisoma marufuku. Juma lilelile akaleta mishumaa ya plastiki, ya betri. Haipulizwi hiyo. Mchumba huigeuza chini juu, akatafuta swichi kwa ukucha huku wenzake wakisubiri kushangilia. Wasichana walinong'ona kwamba ni wivu. Mimi sikuwa na hakika.

Mwezi Machi mwaka huu, akiwa na miaka sitini na mmoja, akavaa pete. Bwana Hoyt ni mgane anayekuja kila Agosti kukagua mitungi yetu ya kuzimia moto. Kwa miaka tisa walizungumza habari za mitungi tu. Alipotokea Machi, nikajua hakufuata mitungi.

Anslee, msichana tuliyempa kazi ya tahadhari humu ndani, ndiye aliyeiona pete kwanza. Alimletea fomu iliyojazwa vizuri kuliko zote alizowahi kujaza. Hafla: mshumaa. Mhusika: Bi Lurlene. Aina ya moto: wa kweli.

"Moto wa kweli umekatazwa," alisema Bi Lurlene.

"Na nani?"

"Na mimi."

"Basi kazi imekwisha. Si ujiombe tu?"

Hakucheka. Nilimsindikiza hadi kwenye gari, akaniambia ule wa plastiki unamtosha, hataki makuu. Kisha akasimama, mkono uko mlangoni.

"Mara kumi na nane, mwenzangu. Nta inanidondokea kidoleni, ingali ya moto, nami naupitisha."

Mtu mwingine angejipendelea. Yeye aliiandikia kampuni ya bima, wakamjibu siku hiyohiyo kwamba muwe waangalifu tu. Jibu jepesi kama hilo halikumridhisha, akatunga masharti mwenyewe, kumi na moja. Nje, juu ya lami, mchana. Nywele zibanwe. Ndoo ya mchanga iwepo. Awepo mtaalamu na mtungi wake, na kwa bahati mtaalamu alipatikana. Mshumaa uwe mmoja, uwashwe mara moja.

Basi Jumamosi, saa tisa alasiri, tukafanya duara kwenye maegesho ya magari, jirani na pipa la taka. Wasichana sitini, nywele zimebanwa kama wapishi. Bwana Hoyt alivaa tai na kukumbatia mtungi. Jua lilikuwa kali, mwali hauonekani. Kila msichana aliukinga kwa kiganja kana kwamba amebeba kifaranga. Kila mtu alijua ni wa nani, na bado waliupitisha kwa adabu, wakiimba. Ulibaki mkono mmoja kumfikia, wa Tinsley wa mwaka wa kwanza, upepo ukaja ukauzima.

Kwa desturi, ukizimikia kwako wewe ndiye mchumba.

"Hongera, Tinsley," mmoja akasema. "Bwana harusi nani?"

"Huyu? Hata wa kumpeleka sinema hana."

Tinsley alikuwa karibu kulia. "Bi Lurlene, sikupuliza. Naapa sikupuliza."

Anslee alishatoa kiberiti. Bi Lurlene akatikisa kichwa.

"Imeandikwa mara moja."

"Si uliandika wewe?"

"Ndiyo maana."

Wimbo ulikuwa umekwisha. Nilimwona Bi Lurlene akinyoosha mkono kushoto kwake, kwa mazoea, ambako sasa hapakuwa na mtu wa kumpokea ila Anslee na kiberiti chake. Bwana Hoyt akakohoa kidogo.

"Lurlene," alisema, "bado unafuka."

Ni kweli, utambi ulikuwa ukitoa uzi wa moshi. Aliutazama kama mtu anayepitia sharti baada ya sharti na kukuta moshi haukutajwa popote. Akauchukua kutoka kwa Tinsley, nta ikamdondokea kidoleni, akapuliza. Mbwa wa jirani walijibu.

Jumatatu alijaza fomu ofisini kwangu. Pale penye Je, kulitokea jambo? aliweka alama kwenye Ndiyo, mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili. Mistari mitano ya maelezo aliiacha tupu. Baada ya wiki makao makuu waliirudisha na kikaratasi cha njano, kama alivyowafundisha yeye: "Haijakamilika."

Hajaijaza mpaka leo.