Mama wa Mwezi wa Machi

Mzee wa kijiji alipopita akitangaza kwamba kuna wageni wanatafuta maskini wa kusaidia, kijiji chetu cha Uriri kilifilisika kwa siku moja. Majirani waliokuwa wakiringiana mabati waligundua ghafla kwamba wanalala jikoni. Sisi pia hatukubaki nyuma. Baba aliwaswaga ng'ombe wetu wanne hadi kwa mjomba, upande wa Ogwedhi. Mimi, niliyekuwa sekondari, nilificha makochi ghalani. Mama aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, na hakuna mjane aliyewahi kutoka kwake mikono mitupu. Siku hiyo alijifunga tambara la kupangusia miguu, akaketi mlangoni pa jiko la nyasi.

"Mama, hapa kwenu mnakula mara ngapi kwa siku?" akauliza msichana mmoja wa wale wageni, mwenye tableti.

"Tukipata, tunakula," mama akasema, akainamisha uso.

Nilijificha nyuma ya jiko nikiuma kidole nisicheke. Asubuhi tulikuwa tumemaliza sufuria nzima ya uji na viazi.

Tukapewa mbuzi wawili. Walimpiga mama picha pia, na mwaka uliofuata wakatuletea kalenda: mwezi wa Machi ni mama, uso umeinama. Kila jirani alipokuja, mama aliuigiza uso ule, tukacheka hadi machozi. Ng'ombe walikuwa wamesharudi zamani.

Kisha wageni wakaja kuulizia maendeleo, akainama tena. Wakaja wengine, akainama. Mazoea yana taabu. Kuigiza akaacha. Mjane wa jirani akija, anaambiwa omena imeisha, na gunia liko nyuma ya mlango. Nilikasirika, nikamwambia. Akanijibu kwamba mimi ninaishi mjini Homa Bay, shida nitazijulia wapi.

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani mchungaji mpya alipokuja kuomba mahindi ya sikukuu ya mavuno. Nyuma ya nyumba, ghala lilikuwa limejaa hadi mlango haufungi. Mama alimwonyesha kwa kidole ile kalenda, ambayo mpaka leo iko ukutani, mpaka leo ni Machi.

Mchungaji aliitazama, akamtazama mama, akavua kofia. Akafungua mfuko wake, akamwachia kopo moja la gorogoro la mahindi aliyotoka kupewa na yule mjane.

Mama akayapokea kwa mikono miwili.