Maksai Aliyekwenda Vitani

Kila Siku ya Mashujaa husomwa majina ya waliokufa vitani, na mimi huwa namngoja maksai wangu. Hatajwi. Alikwenda kwenye vita vya Kagera kama wengine, akafa kama wengine, ila yeye alikufa ili aliwe. Aliyempeleka hukaa kiti cha mbele, na sitamsamehe.

Mume wangu alikuwa ameshakwenda vitani. Nilibaki kijijini kwetu Gendabi na mtoto mgongoni, shamba la mahindi, plau moja na maksai wawili. Ng'ambo ya barabara lilikuwa shamba la ngano la serikali, matrekta yananguruma tangu alfajiri, lakini hayakulima mahindi ya mtu. Maksai mwekundu alivuta upande wa kulia na kugeuka mwisho wa shamba bila kuguswa. Mwenzake mweusi alikuwa mvivu, anamfuata tu.

Kijiji kikaitisha mkutano: wenye ng'ombe wachangie chakula cha askari. Sikukataa. Ningekataaje, na mume wangu ni mmoja wa walaji? Nilitegemea tu kwamba wenye wengi watatangulia. Mwenyekiti wa kijiji, tajiri wa ng'ombe kuliko sisi wote, akasimama.

"Jamani, mimi ninao hao wawili mnaowaona zizini kwangu. Nje sina hata mguu wa ng'ombe. Mungu ananiona."

Kwetu mwenye ng'ombe wengi hawaweki pamoja. Huwagawa kwa majirani, ili ugonjwa au wezi wasiwamalize siku moja. Mtunzaji hunywa maziwa na kuchukua samadi, ndama ni wa mwenye ng'ombe, na siri ni ya wote wawili. Mtamba wake mmoja alikuwa zizini kwangu. Nikanyamaza, maana siri ya ng'ombe haitolewi. Naye akaninyooshea kidole.

"Mama yule ana maksai wawili. Atoe mmoja."

Wakamchagua mwekundu kwa sababu alinona. Lori la kubebea ngano lilipokuja, alipanda bila kusukumwa, maana alizoea kutii. Nililia kwa hasira. Maksai mmoja havuti plau. Msimu ule nililima kwa jembe la mkono, nusu ya shamba ikabaki majani, na mtoto wangu akalala njaa siku nyingi. Nikaapa kwamba yule mzee atanilipa.

Vita vikaisha, mume wangu akarudi mzima. Siku moja mwenyekiti akaja na wazee wawili. Alikuwa anakusanya mahari ya mwanawe. Mtamba alikuwa ameshazaa dume. Nikawaamkia, nikawapa viti.

"Mama, nimekuja kumchukua ng'ombe wangu na ndama wake."

"Ng'ombe gani, mzee?"

"Si yule niliyekuwekea!"

"Mzee, wewe ulisema mkutanoni kwamba nje huna hata mguu wa ng'ombe. Ukamtaja na Mungu. Wazee hawa walikuwepo. Basi nani alidanganya, wewe au mimi?"

Mmoja wa wazee akakohoa, akaitazama fimbo yake. Ili kumdai ng'ombe yule, mwenyekiti angelazimika kukiri mbele ya kijiji kizima kwamba aliwaficha ng'ombe wake wakati askari wanahitaji kula. Akaondoka bila kunywa chai. Mume wangu aliogopa, akasema kumnyima mtu ng'ombe wake ni laana. Nikamwambia laana hiyo nitaibeba mimi.

Dume lile tukalihasi, tukalifundisha nira, upande uleule wa kulia. Shamba letu linapakana na la mwenyekiti. Kila msimu nilianza kulima mpakani kwake, taratibu, ili aone vizuri.

Sasa amezeeka, anatembelea mkongojo. Juzi, majina yalipokwisha kusomwa, nilikwenda mpaka kwenye kile kiti cha mbele, nikainama kwa heshima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Na wale ng'ombe wa nje, hawajambo?"

Watu waliokaa karibu wakaangua kicheko. Mwakani nitamuuliza tena.