Siku Mtani Alipoondoka Mikono Mitupu

Mwezi uliopita nilikwenda Tabora kwa shughuli fupi, na nikajiapiza kwamba kijijini kwetu Kwihara sitafika. Nilimaliza mapema, nikawa napita mtaa wa Mtendeni natafuta bajaji ya kunirudisha nilikofikia, mara mlango wa mashine ya kusaga ukafunguliwa na vumbi la pumba likanipiga usoni. Wewe unanijua, mimi si mtu wa kulia hadharani, lakini nilisimama pale nikifuta macho kwa mtandio mpaka dereva wa bajaji akaniuliza, "Dada, tunaenda au tunashangaa?" Nikamwambia anipeleke Kwihara.

Hakuna cha kuona huko. Palipokuwa boma la bibi, mama yake mama yangu, sasa ni shamba la tumbaku la mtu nisiyemjua. Ua wa minyaa umebaki upande mmoja tu, nao umekonda. Nilisimama kidogo huku dereva akichezea simu, nikarudi mjini. Tangu siku hiyo boma lile halinitoki kichwani, na sina wa kumweleza ila wewe.

Bibi hakuwahi kuliita kituo wala makazi ya wanyama. Yalikuwa maneno ya bwana mifugo, aliyekuwa akija na pikipiki yake kuwachoma mbwa sindano ya kichaa bila mtu kumtuma. Sisi tulisema tu "kwa punda". Babu alipofariki aliacha punda wawili waliochoka, bibi akakataa kuwauza, na jirani alipoona hivyo akaleta wa kwake. Unajua kwetu punda alikuwa ndiye gari la mtu asiye na gari. Alibeba maji, kuni, karanga, tumbaku. Akizeeka nyama yake hakuna aliyeila, kwa hiyo watu walimfungua kamba wakamwacha barabarani, akamalizwa na fisi au lori. Waliokuwa na haya kidogo walimleta kwa bibi. "Bibi, huyu kanilelea watoto, roho inaniuma kumtupa." Bibi alikuwa na swali moja tu kwa kila aliyekuja: "Anaumwa wapi?" Hakuuliza zaidi, wala hakumwandikisha mtu chochote. Punda akishaingia kwenye ule ua, ameingia.

Mbwa nao walikuja kwa njia zao. Watumishi wakihamishwa walipakia makochi na vyombo, mbwa wakamwacha kwenye nyumba ya serikali analinda mlango mtupu. Asubuhi nyingine tulikuta mbwa amefungwa langoni kwa kamba ya katani, aliyemleta keshakimbia. Bibi aliwapa majina ya kuwasemea majirani waliosema kazeeka vibaya: mmoja aliitwa Mtachoka, mwingine Hawakosi Neno. Ukimsikia bibi jioni akiita "Mtachoka! Njoo ule!" ulijua ujumbe umefika nyumba ya pili.

Nililelewa pale wakati mama akifanya kazi mbali. Alfajiri bibi alitoka na kuwasalimu punda kwanza, "Mwangaluka," kwa Kinyamwezi, halafu ndipo sisi wajukuu tulipomwamkia shikamoo naye akaitikia marahaba huku akilalamika kwamba punda wanaitika vizuri kuliko sisi. Kisha kazi. Tulichota maji, tukafagia mavi, tukapasha maji ya chumvi ya kuoshea vidonda vya mgongoni, vile vinavyochimbwa na kamba na magunia. Juu ya kidonda bibi alipaka asali ya nyuki wadogo, nyeusi, yenye uchachu kidogo. Mimi nililamba kidole kabla ya kuanza kupaka, si baada ya kupaka, usinifikirie vibaya. Kazi ikiisha tulikaa barazani tukala matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu, pamoja na karanga za kukaanga. Mpaka leo sijala kitu kitamu namna ile, na nimekula hotelini.

Niliyempenda kuliko wote tulimwita Mstaafu. Alikuwa punda wa muuza maji wa Mtendeni. Alizunguka na madumu mitaa yote ya mjini mpaka jicho moja likafa na mguu wa nyuma ukapinda. Muuza maji mwenyewe ndiye aliyemleta, na siku ile alilia, nilimwona. Mstaafu alikuwa mpole kiasi kwamba kila Jumapili ya Matawi katekista alikuja kumwazima atangulie maandamano ya kwenda kanisani, na sisi watoto tuligombana nani ashike kamba. Wamoraviani walicheka, wakasema Wakatoliki hawana aibu, kuazima punda kilema. Mwaka uliofuata nao wakaja kumwazima.

Boma lile halikulishwa na bibi peke yake, nataka ulijue hilo, maana ndiyo sababu ya maumivu yangu. Mzee mwenye duka Mtendeni, Muislamu wa familia za zamani za mjini, alituma gunia la pumba kila Ijumaa, likaja limefungwa nyuma ya baiskeli. Akija mwenyewe alikunja kanzu yake asiguswe na mbwa, lakini punda aliwashika masikio na kusema, "Mnyama naye atasimama kudai haki yake, bibi. Tena yeye hatahitaji shahidi." Mama muuza migebuka alituwekea vichwa vya samaki treni ya Kigoma ikiingia. Wanakwaya walikuja kukata nyasi. Kila mtu alikuwa na mkono wake pale, na mimi mtoto nikaamini kwamba watu ndivyo walivyo.

Na alikuwepo mtani. Huyu alikuwa Mgogo aliyehamia kwetu kwa biashara ya ng'ombe, na sisi Wanyamwezi na Wagogo utani wetu ni wa tangu misafara. Babu zetu walipobeba mizigo kwenda pwani walipita kwao, nao Wagogo wakawatoza ushuru wa njia. Basi yeye aliendelea kuudai. Alifika langoni akapiga kelele: "Wapagazi nyie! Ushuru wangu uko wapi?" Bibi naye akajibu kutoka ndani, "Njaa ya kwenu imekufukuza tena?" Aliingia jikoni bila hodi, akabeba alichokikuta: kuku, kibuyu, siku moja sufuria yenye mboga inayochemka. Ndiyo haki ya mtani, hakuna anayemnyima. Na kila mara aliwatazama punda akasema, "Leo sitanii. Hawa nitawapakia wote kwenye lori, nikawachune." Bibi alimrushia gunzi, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mwaka mmoja bei ya punda ikaanza kupanda. Tulisikia kwamba kuna watu wananunua punda kwa ajili ya ngozi, inapelekwa nje ya nchi kutengenezwa dawa, na kwamba mzima, kilema, kipofu, wote ni sawa maana ngozi haichechemei. Tulisikia kama mtu anavyosikia habari za mvua ya nchi nyingine.

Mchana mmoja mtani alikuja. Bibi alikuwa barazani anabangua karanga, mimi na binamu zangu tukipepeta maganda. Hakupiga kelele langoni. Aliingia, akachuchumaa mbele ya bibi, akasema, "Mtani, waondoe punda wako hapa. Nimetoka mnadani. Kesho wanakuja na lori."

"Na wewe utakuwa umekaa mbele na dereva," bibi akamwambia, "maana huwezi kukosa."

"Leo sitanii, mtani wangu."

Loo, tulivyocheka! Hata yeye mwenyewe mdomo ulimcheza, si alikuwa kazoea? Akajikaza. Akasema waliowaleta punda ndio wanaokuja kuwachukua, wameshakubaliana na mnunuzi, amewasikia kwa masikio yake. Akaapa kwa mama yake. Bibi akasema huyo mama yake naye alimwapia baba yake hivyo hivyo kwamba mtoto ni wake. Binamu yangu akajigaragaza chini kwa kicheko. Mtani akatutazama mmoja mmoja. Maneno yote ya kumwambia mtu "hili ni kweli" alikuwa ameshayatumia kwenye mzaha, miaka na miaka. Akasimama, akajipangusa magoti, akaondoka.

Hakuchukua kitu. Jikoni kulikuwa na ungo wa matobolwa mlangoni kabisa, akaupita. Mtani hatoki nyumbani kwa mtani wake mikono mitupu, haijawahi kutokea, na sisi sote tulikuwa pale tukimtazama mgongo. Hakuna aliyeliona hilo mpaka kesho yake.

Walikuja asubuhi, jua limeshachomoza vizuri, wala hawakujificha. Nyuma ya lori walifuata wenyewe, kila mmoja na kamba yake: jirani wa chini, wa kule mtoni, baba wa rafiki yangu. Watu waliokuwa wametupa punda wao miaka iliyopita walikuwa wamekumbuka ghafla kwamba ni wao. Bibi alisimama langoni akaita mtendaji wa kijiji. Mtendaji akaja, akasikiliza pande zote, akasema bibi ana moyo mzuri na kijiji kinamshukuru, ila mnyama ni wa mwenyewe, na bibi hana ushahidi kwamba alipewa. Ni kweli, hakuwa nao. Nani angemtaka mtu anayelia asaini kwamba analia?

"Nimewalisha mimi," bibi alisema.

"Tunajua, mama," baba wa rafiki yangu akajibu akiangalia chini. "Ahsante. Lakini ada ya shule nayo inadai."

Punda wanajua. Walikaza miguu, walivutwa masikio na mikia, kelele zao zilifika barabara kuu. Mstaafu alikuwa amesimama pembeni karibu na bibi. Muuza maji akamwita kwa ule mluzi aliokuwa akimwitia zamani mitaani. Mstaafu akainua kichwa, akaugeuza upande wa jicho lililokuwa zima, akaenda kwake akichechemea mpaka kwenye lori. Ndiye pekee aliyepanda bila kuvutwa. Nimeona mengi tangu wakati ule, nimezika watu, lakini hilo ndilo sijaweza kulisamehe, na wala sitaki.

Ijumaa gunia la pumba likaja kama kawaida, maana mzee wa Mtendeni hakuwa na habari. Bibi alimshukuru mwenye baiskeli. Halafu akalifungua, akajaza vihori vyote, akavilainisha kwa maji kama kila siku, akakaa kuvitazama. Sisi wajukuu hatukujua tufanye nini, tukakaa naye. Ndege walikuja wakala.

Baada ya hapo watu waliacha kupita kwetu. Si kwa ubaya, ni aibu, na aibu ya watu ilitunyima chakula kuliko ubaya wao. Wanakwaya hawakukata nyasi tena. Mama wa migebuka alisema hakuna vichwa, na vichwa tuliviona. Bwana mifugo alihamishwa. Mzee wa Mtendeni peke yake aliendelea kutuma kidogo kwa ajili ya mbwa, wale aliokuwa akiwakunjia kanzu, mpaka naye alipofariki. Mbwa wakapungua. Mtachoka alikufa kwenye mvua za kwanza. Watu walipomwambia bibi, kwa kumfariji, kwamba hata hivyo shukrani za punda ni mateke, aliwajibu, "Nimeishi nao miaka yote hiyo, sijapigwa teke na punda." Hawakurudi.

Mtani alikuja mara moja. Alikaa nje ya ua, bibi akamwendea, akakaa kando yake. Bibi akamwambia, "Ulisema." Yeye akasema, "Nilisema." Hakudai ushuru siku ile wala siku nyingine.

Bibi hakuugua ugonjwa wenye jina. Alipokufa tulimrudisha kwenye udongo wa Kwihara, na kwa desturi yetu mtani ndiye mwenye msiba. Alipaswa kulala ndani ya kaburi akatae kutoka mpaka alipwe kuku. Alipaswa kujifunga khanga ya marehemu, aige mwendo wake na kelele zake za kuita mbwa, watu wacheke huku wanalia. Tulikuwa tumemwandalia jogoo kabisa. Alikuja mapema, akavua viatu, akachukua jembe akachimba pamoja na wengine. Mjomba wangu akajaribu kumchokoza: "Vipi Mgogo, leo huna njaa?" Akajibu taratibu, bila kuinua kichwa, "Mwacheni mama apumzike." Tukamfukia kimya. Jogoo alibaki amefungwa mguu nyuma ya nyumba, jioni mtu akamfungua.

Punda hawaonekani tena Mtendeni. Maji yanabebwa na bajaji na bodaboda, na watoto wa Kwihara wanaandamana siku ya Matawi wakifuata msalaba tu. Utani bado upo, nimeusikia sokoni siku ile ile niliyofika Kwihara, watu wakitukanana kwa raha zao. Mimi siuwezi. Mtu akiniambia "leo sitanii" naacha nilichoshika, nakaa chini, namuuliza nani anakuja na anakuja lini. Rafiki zangu wananiona mtu mzito asiyejua mzaha. Wako sahihi, na uzito wenyewe haunisaidii kitu, maana sina tena punda hata mmoja aliyebaki wa kuficha.