Njoroge Alipomzika Mama Yake

Asubuhi niliyoanza kazi katika kituo cha kutwa cha Buruburu, Bi Msimamizi alinipa kiti, akaniambia nikae kwenye kona, nisimsaidie mtu wala nisimwongoze mtu, nitazame tu mpaka wakati wa chakula cha mchana. Nilikuwa msichana mwenye nguvu, binti wa karani wa reli kutoka Bungoma, na nilikuja tayari kuinua, kubeba na kuosha. Kule kukaa kulinichosha kuliko kufua.

Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ya kawaida ya ghorofa, kama zile za majirani, yenye ua mdogo nyuma. Waliokuja pale walikuwa watu wazima. Baadhi yao walikuwa na ulemavu wa akili, yaani kujifunza jambo jipya kuliwachukua muda mrefu zaidi. Wengine walikuwa na usonji, maana yake ubongo wao hupokea sauti, mwanga na maneno kwa namna iliyo tofauti na yetu wengi. Siku hizo neno usonji halikusikika redioni. Majirani walisema tu, "wale wa hiyo nyumba."

Mchana Bi Msimamizi akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia nimeona mwanamke mkorofi aliyemwaga chai yake makusudi.

"Ukorofi hauonekani kwa macho, Nekesa," akasema. "Hiyo ni hukumu. Nimekuuliza umeona nini."

Nikaanza upya. Nikasema nimeona mwanamke akipewa chai kwa kikombe cha plastiki, akaimwaga kwenye sinki, akaenda mwenyewe kabatini akachukua kikombe cha bati. Bi Msimamizi akasema kuanzia kesho atapewa cha bati. Mwanamke yule hakumwaga chai tena, na mimi nikawa nimeielewa kazi yenyewe. Mengine yote niliyojifunza baadaye yalijengwa juu ya hapo.

Tulikuwa na zana chache. Kubwa kati yake ni ratiba ya picha. Mtu ambaye maneno humpita upesi unamwekea picha ukutani kwa mpangilio: kuoga, kula, kutoka, kurudi. Jambo likiisha, anaondoa picha yake. Hofu nyingi hutoka kwa kutojua kinachofuata, na picha hukwambia kinachofuata bila kukupigia kelele. Zana nyingine ni kuigawa kazi hatua kwa hatua, mtu ajifunze kidogo kidogo mpaka aimudu peke yake. Kisha kulikuwa na kile tulichokiita kuzidiwa. Mtu mwenye usonji anapopiga kelele na kujigonga, mara nyingi huwa hana hasira na mtu yeyote. Yamemfika kooni, hana tena pa kuyaweka. Wakati huo humgombezi, wala humshiki ovyo. Unapunguza kelele, unawaondoa watazamaji, unangoja.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa kazi ya kutembelea nyumba, na eneo langu likawa mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga, hapo hapo Nairobi. Huko ndiko nilikomkuta Njoroge. Alikuwa kijana mrefu, hasemi, na mama yake alikuwa akimfungia ndani kwa kufuli kila asubuhi akienda kibarua kiwandani. Wengi walikuwa wamemlaani mama huyo kabla yangu. Mimi nilimuuliza akimwacha mlango wazi huwa nini, akaniambia Njoroge aliwahi kupotea akaokotwa karibu na barabara kuu, amepigwa na watu waliomdhani mwizi. Nikamwambia tutafute njia ya kulifungua hilo kufuli bila kumpoteza tena.

Majirani walisema kijana ana mapepo. Alikuwa akipiga kichwa kwenye mabati mpaka damu. Nilikaa nje ya chumba kile asubuhi kadhaa, nikitazama kama nilivyofundishwa, na nikaona kwamba mapepo hayo yalipanda kila mara mashine ya kusaga mahindi ya ploti jirani ilipowashwa. Nikamweleza mama yake. Kesho yake alirudi kutoka kiwandani na vikinga masikio, vile vikubwa vya wafanyakazi wa mashine, alivyopewa na nyapara wake. Njoroge alivivua mara nyingi kabla ya kuvizoea. Alipovizoea, akaacha kujipiga. Mama yake alikaa kitandani akalia huku ameziba mdomo kwa leso, asimshtue.

Tukaanza kutoka. Kwanza mpaka mlangoni, kisha mpaka bombani, kisha dukani. Wale wa pale bombani wakazoea kumwona, wakaacha kumkazia macho. Vijana wa maskani wakawa wanamsalimu: "Niaje, Njoro." Hakuitikia, lakini alikuwa akipunguza mwendo akiwafikia, nao wakajua hiyo ndiyo salamu yake.

Kituo kilipofungua nyumba ndogo ya makazi kule Komarock, mimi nikafanywa mlezi mkuu, na Njoroge akawa miongoni mwa wa kwanza kuhamia. Mama yake alikuwa akija kila Jumapili baada ya kanisa. Walikuwa wakikaa bega kwa bega kwenye ngazi za nyuma wakimenya njugu, hawasemezani, na sijaona watu wawili walioridhika kuliko wale.

Kisha mama akaugua, akafa.

Alitakiwa kuzikwa kwao Murang'a, shambani kwa marehemu baba yake. Kaka yake, mjomba wa Njoroge, alinipigia simu akaniambia kwa upole kabisa kwamba kijana abaki Nairobi. Watu watakuwa wengi, ataharibu mazishi, na hata hivyo hataelewa. Mkurugenzi wetu naye aliniita ofisini. Alikuwa mtu mwema mwenye kuogopa magazeti.

"Akizidiwa mbele ya waombolezaji wote hao, Nekesa, utafanya nini?"

"Nitafanya ninachofanya kila siku, Mkurugenzi. Lakini tukimnyima kumzika mama yake, atamngoja kwenye ngazi kila Jumapili, na mimi sitakuwa na picha ya kumwonyesha kwa nini haji."

Akasema nichukue gari la kituo na mfanyakazi mmoja wa kunisaidia.

Nilimwomba mjomba anitumie picha za boma, hema, na mahali pa kaburi. Nyingine nilizitafuta mwenyewe: jeneza, watu wakiimba, watu wakimimina udongo kwa majembe. Ya mwisho ilikuwa kaburi lililokamilika, tuta lake limesawazishwa na maua juu. Nikazipanga mbele ya Njoroge siku hadi siku, nikimwambia maneno yale yale machache. Mama amekufa. Mama harudi. Tutamzika mama. Sikusema amelala, sikusema amesafiri. Mtu anayeshika maneno kama yalivyo, ukimwambia mama amelala, atangoja aamke. Siku moja Njoroge akaichukua picha ya mama yake iliyokuwa kando ya kitanda, akaiweka mwenyewe juu ya picha ya jeneza. Nikatoka nje kidogo, nikajifuta uso, nikarudi.

Murang'a tulipokelewa vizuri, ila kwa wasiwasi. Mjomba alinisalimu mimi, akamtazama Njoroge, akaniuliza, "Huyu anakula chakula cha kawaida? Atakaa kwa kiti?" Akaniomba pia nimvue vikinga masikio, watu wasidhani anasikiliza muziki kwenye matanga. Nikamweleza ni vya nini. Akasema sawa, lakini akabaki akimtazama kwa pembe ya jicho.

Ibada ilikwenda. Tulipofika kaburini, spika kubwa ilikuwa imewekwa karibu sana, na wimbo ulipoanza hata vikinga masikio havikutosha. Njoroge akaanza kuyumba mbele na nyuma na kuunguruma. Niliijua sauti hiyo, nikajua tumebakiwa na muda mfupi. Watu wakaanza kugeuka. Sikumwondoa. Nilimwacha na mwenzangu, nikaenda moja kwa moja kwa mjomba, nikamwambia, "Mzee, ni hiyo spika. Ikizimwa atatulia. Nakuhakikishia."

Mjomba alitazama spika, akamtazama mpwa wake. Akaenda mwenyewe akachomoa waya.

Wimbo ulipungua nguvu kidogo, watu wakiwa wameduwaa, kisha akina mama wakaushika kwa sauti zao wenyewe. Ukaendelea hivyo, bila mashine, mpaka mwisho. Njoroge akapunguza kuyumba. Akatulia.

Zamu ya kumwaga udongo ilipofika, familia walimwaga kila mmoja konzi moja, wakarudi nyuma. Njoroge alimwaga yake, lakini hakurudi. Alichukua jembe kutoka kwa kijana mmoja akaanza kujaza kaburi. Waombolezaji walinong'ona. Mimi nilijua anafanya nini: alikuwa anazifuata zile picha alizobeba mfukoni, na zilikuwa hazijaisha. Alifanya kazi sawia na wale vijana mpaka tuta likainuka. Akalisawazisha kwa mikono. Akasimama, akangoja. Nikamwambia mjomba kwamba yanangojewa maua.

Mjomba alileta shada yeye mwenyewe. Safari hii hakuniuliza mimi. Alimpa Njoroge shada mkononi, akamwambia, "Weka, mwanangu." Njoroge akaliweka, akatoa picha ya mwisho mfukoni, akaikunja, akaondoka kwenda garini. Hakukaa kwenye ngazi kumngoja mtu Jumapili iliyofuata.

Nimestaafu sasa, naishi hapa Buruburu, na vijana waliosomea kazi hii vyuoni huja kuniuliza ilikuwaje. Nawaambia mmepata maneno mazuri kuliko yetu, na wazazi wa leo wanajitokeza bila kujificha, jambo ambalo hatukuliona zamani. Nawaambia pia kwamba bado kuna milango yenye kufuli, na kwamba hawahitaji ruhusa ya mtu kukaa mlangoni na kutazama. Niliifanya kazi hii vizuri. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu nataka nao waseme hivyo siku yao ikifika.

Njoroge angali Komarock. Kila Krismasi mjomba wake huja kumchukua wakaenda Murang'a. Miaka ya kwanza simu yangu haikupumzika: amekataa uji, nifanye nini, wageni wanakuja, nimwandaeje, mbona ameketi zizini na ng'ombe. Nami nilijibu yote. Krismasi iliyopita niliiweka simu mezani tangu asubuhi, nikawa naitupia jicho nikipika. Mchana ukapita, jioni ikaingia, na mjomba hakupiga. Nikaichomeka ipate chaji, nikaenda kula na wajukuu zangu.