Madebe ya Wimbi Ndani ya Sanduku la Spika

Omwenga wa Magwagwa alikuwa kiguu na njia. Alichuma chai Kericho, akaacha. Akaoka mikate Kisii mjini, mikate ikaungua, akaacha. Akakamua ng'ombe Nyansiongo, mmoja akampiga teke, basi na huko akaona pana mkosi. Kila kazi ilipomkataa aliutungua mfuko wake wa turubai msumarini, akatia randa na shati, na mkewe Esnah akafuata nyuma, mtoto mgongoni, sufuria kichwani. Kuhama huko, jamani!

Mwaka wa sabini na nne walikuwa wamerudi Magwagwa. Omwenga sasa alikuwa seremala, na Esnah amepanda chai yake nyuma ya nyumba, miche imefika magotini. "Baba Nyamoita," alimwambia, "ukiutungua ule mfuko tena, utakwenda peke yako. Mimi na chai hii tumeota mizizi." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomtisha Omwenga.

Ndipo Abner, mwenye duka la nguo, akaleta spika. Loo, spika gani! Mdomo mpana kama sinia, imetolewa kwenye ukumbi wa dansi Nairobi. Alitaka sanduku la kuiweka nyuma ya Peugeot yake, lililozibwa kote, lisivuje hata pumzi, ili dada yake akiolewa Jumapili besi isikike ng'ambo ya bonde.

"Ukubwa gani, Bwana Abner?"

"Si wewe ndiye fundi?"

Omwenga akawaza wanavyowaza wengi: sauti kubwa, nyumba kubwa. Akaunda sanduku la kumlaza mbuzi aliyeshiba, akaziba kila kiungo kwa gundi na vumbi la mbao. Wakaunga waya garini, Abner akawasha. Besi ikatoka imelegea, haijui pa kuishia, na ngozi ya spika ikaruka mbele na nyuma mpaka ikagonga chuma.

"Zima! Itapasuka!"

Hewa ya ndani ilikuwa nyingi mno, haikuweza kuizuia ile ngozi. Akaunda la pili, dogo. Hapo hewa ikabana kupita kiasi, besi ikakauka, ko-ko-ko, kama mtu anayebisha mlango wa choo. Abner hakucheka. "Fundi, Ijumaa nakuja kuchukua spika yangu. Na iwe kabla ya jua kutua, Sabato siivunji kwa ajili yako."

Kwa hasira Omwenga akalipasua lile dogo likawa kuni. Na mbao zilikuwa zimekwisha! Tangu hapo hakukalika. Analala, anaamka. Anatoka, anarudi. Uji unapoa anautazama tu. Macho yakipita ukutani yanakwama kwenye mfuko. Alikuwa amesikia kuna kazi Nakuru.

Esnah aliyaona macho yale. Siku hiyo alikuwa akitafuta mahali pakavu pa mbegu yake ya wimbi, ule ulezi wa uji. Akayatumbukiza madebe yake mawili yenye vifuniko ndani ya lile sanduku kubwa lililoshindwa, akafunika tundu la spika kwa ungo, akaenda shambani.

Ijumaa Abner akafika. "Nataka niisikie kwanza, nijue hukuipasua."

Sanduku lilikuwa limebaki moja. Omwenga akaondoa ungo, akaona madebe, mkono ukasita. Kwao mume hatii mkono katika ghala la mkewe. Anayethubutu husemwa mpaka na wajukuu. Na penye mbegu ya Esnah ni ghala, hata pakiwa sanduku la spika. Basi akaifunga spika hivyo hivyo, madebe ndani, akaziba ukingo huku aibu inamchoma.

Abner akawasha. Duu, ikasimama. Duu, ikasimama. Nzito, lakini ina adabu, na ngozi inarudi mahali pake.

"Umefanya nini?" Abner akauliza.

"Sijafanya kitu!" Kisha Omwenga akajipiga paja. Madebe yalikuwa yamekula nafasi! Hewa iliyobaki haikuwa nyingi kama lilipokuwa tupu, wala haikubanwa kama ya lile dogo.

"Usiguse hata skrubu," Abner akasema.

Lakini mbegu? Esnah alipotoka shambani, Omwenga alimweleza mbio mbio, maneno yanakanyagana. "Si wimbi linalotakiwa, Mama Nyamoita, ni nafasi tu. Ninakuomba, mimina mbegu yako utuachie madebe."

"Basi yajazeni mchanga," Esnah akasema. "Debe tupu haliachi kuvuma." Abner akacheka mpaka akaegemea gari. "Na mbegu yangu niitie wapi?"

Omwenga akatazama huku na huku. Gunia lilikuwa limetoboka, sufuria ndogo. Esnah alikuwa ameshaingia ndani. Akatoka na ule mfuko wa turubai wa mumewe, akaukung'uta, na spika ilipofunguliwa akayatoa madebe akamimina wimbi lake, la kwanza, la pili, mpaka mfuko ukatuna. Akaufunga kwa kamba.

Omwenga akainama amsaidie kuubeba.

"La, Baba Nyamoita," Esnah akasema. "Hili sasa ni ghala langu."

Akauburuta mwenyewe hadi ndani. Omwenga akabaki mikono inaning'inia. Alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja. Kisha akachukua sepetu akaenda kuchota mchanga, maana jua lilikuwa linatua.