Keki ya Kidosho na Daftari la Dada Yake

Tusidanganyane. Wivu kwa mtu baki unavumilika: unamnunia, unapita njia nyingine, yamekwisha. Lakini umwonee wivu mtoto uliyembeba mgongoni mwenyewe, uliyemfuta kamasi kwa kiganja chako, halafu kila Jumapili akupigie simu akuulize umeamkaje, hapo ndipo utakapoijua roho yako.

Mtu mwenyewe ni mkutubi wa chuo, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mpole wa sura, anayekutajia kitabu kiko rafu gani bila kuinua kichwa. Kwao wanamwita Dada, kwa kuwa ndiye mkubwa. Kitinda mimba wa nyumba ile, aliyepishana naye miaka kumi na miwili, ni Kidosho. Jina tu linakwambia habari. Dada alipofaulu mitihani aliambiwa vizuri, sasa kaoshe vyombo. Kidosho alipojifunza kufunga kamba za viatu, waliitwa majirani waje waone.

Miaka saba Dada alikuwa kwenye kundi la mtandaoni la waoka keki. Watu elfu moja na mia tatu, wengi hawajawahi kuonana uso kwa uso, lakini wanajua oveni ya nani inaunguza upande wa kushoto. Kundi lina kanuni isiyochezewa: ukiweka picha ya keki, unaweka mbili, nzima na iliyokatwa. Ilianza baada ya bwana mmoja kusifiwa mwezi mzima kwa keki maridadi, kumbe ndani ujiuji mtupu. Keki ya oda ina ruhusa yake. Huwezi kukata keki ya watu, kwa hiyo unaweka nzima, unasubiri wenye sherehe wakate, ndipo unaleta picha ya pili. Kanuni hiyo na ruhusa yake aliiandika Dada mwenyewe, akiwa mmoja wa maadmini watano.

Alipoanza kusomea shahada ya pili, akaamua utafiti wake uwe juu ya kundi hilo hilo. Mwalimu wake, mzee mkimya wa kusahihisha kwa penseli, akamwelekeza njia moja ambayo wengine chuoni waliibeza. Hutoki na maswali kwenda kuhoji watu. Unabaki ndani ya kundi kama ulivyo, unajichunguza wewe, kila siku unaandika kwenye daftari ulichofanya, ulichoona na kilichokupita rohoni. Ukiandika kwa ukweli, kupitia kwako msomaji anaona watu wanavyoishi huko mtandaoni. Dada akafurahi. Kazi rahisi hiyo, akajisemea, kwani nani anijue kuliko mimi?

Mwezi wa pili wa daftari, akamwingiza Kidosho kundini. Ni yeye aliyemfundisha kutenga ute na kiini cha yai, ni yeye aliyemwambia usifungue oveni hovyo. Mtoto akashika kazi upesi mno. Haikupita miezi mitatu watu wanamuuliza Kidosho maswali ambayo zamani yalikuwa ya Dada. Krimu inaganda vipi kwenye joto, Kidosho mpenzi? Dada anajibu wa kwanza, jibu refu lenye vipimo, halafu Kidosho anajibu mistari miwili na kichekesho, na mioyo yote ya mapenzi inamiminika kwa Kidosho. Kijiba cha roho kikaanza kumkaa. Kwenye daftari akaandika: leo nimejivunia mdogo wangu. Mwongo wa kutupwa!

Basi Jumanne moja asubuhi Dada akaweka keki yake ya limau, picha mbili, safi kabisa, na ndani imechambuka vizuri kama sponji. Watu kumi na mmoja wakapita na kuisifu. Saa sita mchana Kidosho akaweka keki ya harusi, oda yake ya kwanza kubwa, ghorofa tatu nyeupe, na maua ya sukari yaliyokaribia kunukia. Chini akaandika kwamba ya ndani ataileta wenyewe wakishakata. Kundi likawaka moto. Mtu mmoja aliyekwisha kuisifu ya limau akarudi kusema kwamba tangu azaliwe hajaona keki, ndiyo kwanza anaona leo.

Dada alikuwa kwenye kaunta ya maktaba, mkono mmoja unagonga mihuri ya vitabu, mwingine una simu. Roho ilimuuma, nakwambia. Akabonyeza, akafuta ile picha. Akaandika, kwa jina la maadmini wote, kwamba kanuni ni kanuni, keki isiyokatwa haikai hapa. Halafu akaendelea kugonga mihuri.

Ruhusa ya oda anaijua, kaiandika yeye. Lakini kundini watu hawakukumbuka ruhusa, wakakumbuka yule bwana wa ujiuji. Mmoja akauliza kama picha haikuibiwa mahali. Mwingine akasema ndiyo maana alikuwa na mashaka. Kufika jioni Kidosho alikuwa amejitoa, na mteja aliyeahidi oda nyingine amesema atafikiria. Kisha Kidosho akampigia simu dada yake, nani mwingine, akalia. Dada akamwambia pole mdogo wangu, nitaulizia ni nani aliyefanya hivyo.

Tangu siku hiyo hadi Ijumaa hakugusa daftari.

Wiki iliyofuata mwalimu aliposoma daftari, akaona. Alisema kwanza kwamba huyu mtu wa kwenye daftari ni mwema kupita kiasi, naye hajawahi kukutana na mtu wa namna hiyo. Kisha akaweka penseli kwenye pengo. "Siku nne hizi ulikuwa wapi?" Dada akasema mafua. Mzee akamwambia kwamba kwa njia waliyoichagua, siku anayoikimbia ndiyo siku ya kuandika, vinginevyo achague utafiti mwingine na aanze upya. Mwaka na nusu wa kazi, aanze upya.

Akaandika. Kurasa sita, hakujibakiza: limau, mihuri, pole ya uongo. Alipomaliza alijisikia mwepesi, hata shujaa kidogo. Lakini chuo kina sharti: yeyote anayetambulika katika maandishi asome kwanza, atie saini kwamba amekubali. Kwa hiyo Jumamosi Dada akaenda kwa mdogo wake na bahasha.

Kidosho alisoma akiwa amesimama jikoni, unga mpaka kwenye viwiko. Alisoma zote sita. Dada alikuwa amejiandaa kwa machozi, kwa matusi, na moyoni alijiandaa pia kusifiwa kwa ujasiri wake, tuseme kweli. Kidosho akazipanga kurasa, akazirudisha ndani ya bahasha.

"Ulinifuta ili watu wasinione," akasema. "Sasa unanirudisha ili wewe uonekane. Sisaini, Dada."

Dada akaanza kueleza habari za njia ya utafiti, thamani ya ukweli, maneno ya mwalimu. Kidosho akamkatiza, bila kupandisha sauti. Alisema wapo watu elfu moja na mia tatu waliomdhania mwizi wa picha, na hakuna hata mmoja wao anayesoma tasnifu. Kama anao ukweli, awapelekee hao kwanza. Akageukia mashine yake ya kupigia krimu, akaiwasha.

Jumapili asubuhi Dada akapiga moyo konde. Akarekodi sauti yake, dakika tatu, akaiweka kundini: ni mimi niliyefuta, kanuni ilimruhusu, niliona wivu, ni mdogo wangu wa tumbo moja. Akajiuzulu uadmini. Kisha akakaa kitandani, simu mapajani, anangoja kupigwa mawe.

Hakuna aliyempiga. Wawili walisema pole. Mmoja aliuliza kama ile ya limau alitumia siagi au mafuta. Wengine wote, mamia kwa mamia, walikimbilia kwa Kidosho. Wakamrudisha kundini kwa vigelegele, wakaomba radhi, wakataka ile keki. Kidosho akaiweka tena, nzima na iliyokatwa, na ile iliyokatwa ilikuwa na tabaka saba nyembamba zilizonyooka, hapana hata moja iliyokaa upande. Dada hajawahi kuoka kitu kama kile. Akaitazama, na wivu ule ule ukamrudia.

Akapiga simu. Kule nyuma mashine ya krimu ilikuwa inanguruma.

"Wanakushangilia," akasema Dada. "Nimetoka kukiri mbele ya umati, na bado ninachokiona ni unavyoshangiliwa wewe. Ninakuonea wivu, mdogo wangu. Hata sasa hivi, nikiongea na wewe."

Kidosho akaizima mashine.

"Hilo andika," akasema. "Hilo nitasaini."