Lenzi Ndefu Siku ya Ubatizo wa Mama Neema

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na wala si kwa uzuri. Ilikuwa Jumapili asubuhi, ufukweni Kawe, wingu limefunga na upepo unavuma kutoka baharini. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, mpiga picha anayejiona ameshafika. Leo nakaribia sitini, mikono imeanza kunitetemeka, na wewe umekuja na kamera yako mpya unaniuliza lenzi ndefu inapigwaje ikatoa picha shapu. Nitakujibu. Ila kaa vizuri, maana jibu lenyewe lina msiba ndani yake.

Nilikuwa na jirani, Mama Neema, mwalimu wa shule ya msingi. Mtu wa bara, alihamia mjini kumfuata mumewe. Alikuwa anaumwa kansa ya titi, na madaktari walishamwambia kwamba hana muda mrefu. Kwa maneno na vicheko hakuwa na mpinzani mtaani kwetu, lakini mkalishe mbele ya kamera, anakaza uso kama anasimamia mtihani. Picha zake zote zilikuwa hivyo. Ya kwenye kitambulisho ndiyo usiseme.

Siku chache kabla ya Jumapili hiyo alikuja nyumbani, akakaa kwenye mkeka, akaniambia, "Dada Mwanaidi, Jumapili nabatizwa baharini. Nataka unipige nikiibuka majini. Pale najua nitacheka tu, hata nikitaka kununa sitaweza."

"Usijali, mwalimu."

"Sikiliza basi. Hiyo ndo picha ya kutangulizwa siku yangu. Nishamwambia na Baba Neema. Sitaki watu waniage nimenuna. Na Neema bado mdogo, atakuja kunijua kwa hiyo hiyo."

Desturi hiyo unaijua. Msiba wa wenzetu Wakristo, picha ya marehemu inatiwa kwenye fremu, mtu anaibeba mbele ya jeneza, na wengi hiyo ndiyo sura wanayorudi nayo nyumbani. Ni wachache wanaopata nafasi ya kuichagua wenyewe. Akaongeza neno moja ambalo mimi, kwa ujinga wangu, nililisikia kama sifa.

"Kuna kijana wa kanisani alijitolea kunipiga bure, nimemkataa. Nguo ikilowa inashika mwili, na mie titi upande mmoja halipo. Nimekutaka wewe, mwanamke mwenzangu."

Alikuwa ananiambia nije karibu, mwanangu. Ndiyo maana yake, haina nyingine. Mimi kichwa kilikuwa kimeshavimba.

Kwani wiki ileile nilikuwa nimenunua lenzi ndefu, ya milimita mia tatu, kutoka kwa mpiga picha wa mpira aliyekuwa anaacha kazi. Ilikuja na konveta yake, kile kipande kifupi kinachokaa kati ya kamera na lenzi, kinavuta mbali mara mbili. Mzee Kombo, aliyenifundisha kazi hii studio kwake Temeke, aliishika, akachungulia, akanisihi niijaribu kwanza nyumbani kabla ya kwenda nayo kwenye shughuli ya mtu. Nikaitikia vizuri, kisha nikafanya nilivyotaka.

Basi Jumapili ikafika. Akina mama wa kanisani waliingia majini mpaka magotini, wameshika khanga za kuwapokea wanaoibuka, wawafunike. Kati yao palikuwa na nafasi yangu kabisa, na mmoja alinipungia mkono niende. Sikwenda. Nilisimama juu kule kwenye mchanga mkavu. Niliogopa maji ya chumvi yasiingie kwenye kamera, na nilikuwa nimevaa viatu vipya, lakini kubwa zaidi, nikuambie ukweli, nilitaka watu waione lenzi. Waliiona. Wengine walikuwa wananitazama mimi kuliko mchungaji, nami nikafurahi. Stendi ya miguu mitatu nilikuwa nimeiacha nyumbani, eti nzito.

Mchungaji akamzamisha Mama Neema. Akaibuka. Maji yanamtiririka, mdomo wazi, mkono mmoja juu, anacheka kicheko kile chake kilichokuwa kinasikika nyumba ya tatu. Nikabonyeza mara sita.

Alikuja kwangu amejifunga khanga, anatetemeka kwa baridi, nikamwonyesha kwenye kioo cha nyuma cha kamera. Siku hizo kile kioo kilikuwa kidogo kama kiberiti, na kwenye kiberiti kila picha ni nzuri. Akaziba mdomo kwa mkono.

"Ndo yenyewe! Dada, ndo yenyewe hii."

Akanikumbatia, akanilowesha kifua kizima. Kilikuwepo kitufe cha kuivuta ile picha nitazame macho yake yamekaaje. Kubonyeza mara mbili tu. Sikubonyeza. Mchungaji alikuwa bado yuko majini, kuna watu watano wanangoja zamu yao, na Mama Neema angerudi kuzama tena kama ningemwomba. Angerudi huku anacheka.

Wala nyumbani sikuifungua. Hapo mimi na watu wengi wa pwani tuko sawa: kukaa na kukuza picha ya msiba ya mtu ambaye bado unamsikia akiita watoto nje, niliona ni uchuro. Niliona kama namharakisha. Nikaiacha kwenye kompyuta, nikajiambia siku ikifika nitaichapa. Miezi miwili mizima nilikutana naye asubuhi, akazidi kukonda, na kila mara aliniuliza, "Picha yangu ipo?" Nami nikamjibu ipo, mwalimu, ondoa shaka.

Alifariki siku ya Alhamisi. Baba Neema alikuja kwangu na macho mekundu, akasema fremu wameshanunua, kubwa, wanasubiri picha. Nikakaa kwenye kompyuta, nikaifungua, nikaikuza. Mwanangu, hapakuwa na uso. Palikuwa na macho manne yaliyolaliana, pua imeyeyuka, meno yamekuwa mstari mweupe. Nikafungua ya pili. Ya tatu. Zote sita vilevile.

Nilizibeba mpaka Temeke kwa Mzee Kombo, nikidhani ana ujanja wa kuziokoa. Alizitazama moja moja, taratibu.

"Ulikuwa na stendi?"

"Hapana, mzee."

"Spidi ngapi?"

"Sitini," nikajibu, yaani sehemu moja ya sitini ya sekunde.

"Sitini!" Akavua miwani. "Konveta imekula mwanga, wingu limefunga, lenzi imekuwa mia sita, umeishika mkononi kwenye upepo, unapiga kwa spidi ya sitini. Kwa nini hukupandisha aiso?"

"Niliogopa chenga." Aiso ikipanda, kamera inaona hata kwa mwanga mdogo, lakini picha inajaa vidoadoa.

"Haya. Na mwenyewe alikuwa wapi?"

"Majini, mzee. Maji ya magotini."

Akairudisha miwani usoni, akazitazama tena zote sita. Mwisho akasema, "Mwanamke mwenzio kakuita, bahari yenyewe ya magotini, wewe unamtazama kwa darubini. Ungevua viatu, Mwanaidi."

Akanirudishia vitu vyangu.

Walikuza picha ya kitambulisho. Mdogo wake aliibeba mbele ya jeneza, na Mama Neema akatangulia kwenda makaburini amenuna, vilevile alivyokataa. Nilisikia mama mmoja nyuma yangu akimwambia mwenzake, "Kumbe alikuwa mkali hivi?" Nilitamani ardhi ipasuke. Na Baba Neema aliponiuliza, nilimwambia kompyuta imefuta picha. Nilimdanganya mfiwa siku ya kuzika. Hilo nalo nalibeba.

Mwaka jana Neema alikuja. Msichana mkubwa sasa, wanaishi Chanika. Akapiga hodi, akanipa shikamoo, akaniambia baba yake alimsimulia kwamba kulikuwa na picha ya baharini, na kwamba ilipotea. Alitaka tu kujua nakumbuka ilikuwaje. Sikuweza tena. Nikamweleza yote, kisha nikamtolea ile iliyokuwa na nafuu kidogo. Aliisogeza karibu, akaipeleka mbali, akaigeuzia dirishani.

"Huyu ndo mama?"

"Ndiye, mwanangu."

"Anacheka?"

"Anacheka sana."

Akaitazama tena kwa muda mrefu. "Mie sioni, mama," akaniambia, na hakuwa na hasira hata chembe. Afadhali angekuwa nayo.

Sasa chukua nasaha zangu. Konveta ni ya ndege mtini na mchezaji katikati ya uwanja, mahali ambapo miguu yako hairuhusiwi kufika. Ukiifunga, weka lenzi kwenye stendi. Kama huna stendi, egemea ukuta, lalia gunia la mchanga, bana viwiko kifuani. Lenzi ikiwa mia sita, spidi yako isishuke chini ya mia sita, na kwa mikono kama yangu ya leo panda mpaka elfu. Mwanga ukikataa, pandisha aiso, acha chenga ziingie. Chenga watu watakusamehe, lakini uso ulioyeyuka hauna dawa. Jua la mchana likiwaka juu ya mchanga au lami, hewa inacheza, na hapo hata stendi haitakusaidia, punguza umbali. Kifaa kipya kijaribu kwenye nguo zako zilizoanikwa, usikijaribie kwenye siku ya mtu. Na mtu asiondoke mbele yako kabla hujamkuza kwenye kioo ukayaona macho yake. Ukishayaona, ichape picha, umkabidhi angali hai. Wakikuambia ni uchuro, waambie Mwanaidi aliuogopa uchuro, na Neema hajui mama yake alichekaje.

Nenda mwanangu. Mungu akutulizie mkono na akupe jicho la huruma. Akuepushe na kudanganya mfiwa. Na atakayekuja kukuomba umtunzie sura yake, Mungu akupe nguvu ya kumsogelea.